Historia ya Makongamano ya Teknolojia ya Mikro na Nano

Teknolojia ya vitu vidogo mno ilizungumzwa mkutanoni kabla haijapata maabara yake. Tarehe 29 Desemba 1959, Chama cha Fizikia cha Marekani kilikuwa na mkutano wake wa mwaka katika Taasisi ya Teknolojia ya California, Caltech, mjini Pasadena. Miongoni mwa wazungumzaji alikuwamo Richard Feynman, mwanafizikia wa chuo hichohicho. Hakuja na matokeo ya majaribio. Aliwauliza wenzake kwa nini juzuu zote 24 za ensaiklopidia ya Britannica zisiandikwe juu ya kichwa cha pini, akawapigia hesabu kuonyesha kwamba hakuna kanuni ya fizikia inayokataza jambo hilo. Mwishoni aliahidi zawadi mbili za dola 1,000 kila moja. Ya kwanza ilikuwa ya mtu atakayeunda mota ya umeme inayoenea ndani ya mchemraba wenye upande wa 1/64 ya inchi, yaani kama milimita 0.4. Ya pili ilikuwa ya atakayeupunguza ukurasa wa kitabu mara 25,000 kwa kila upande na bado ukasomeka kwa hadubini ya elektroni.

Zawadi ya kwanza haikumaliza mwaka. Watu kadhaa walimwendea Feynman na mota ndogo zisizotimiza masharti, na mwezi Novemba 1960 mhandisi William McLellan alipoingia na sanduku kubwa, ilionekana kuwa naye ni wa kundi hilohilo. Kumbe ndani ya sanduku mlikuwa na hadubini, kwa kuwa mota aliyokuja nayo haikuweza kutazamwa vizuri kwa macho matupu. Ilikuwa na vipande 13 na uzito wa mikrogramu 250, na ilizunguka mara 2,000 kwa dakika. McLellan aliiunda kwa mkono, kwa zana za fundi saa na kijiti cha meno kilichochongwa. Feynman alilipa, lakini tumaini lake halikuwa limetimia: alitaka zawadi hiyo izae njia mpya ya kutengeneza vitu, na ufundi wa zamani ulikuwa umetosha. Zawadi ya pili ilisubiri hadi 1985, pale Tom Newman, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, alipotumia mwali wa elektroni kuchora ukurasa wa kwanza wa riwaya ya Charles Dickens, A Tale of Two Cities.

Kati ya zawadi hizo mbili ipo miaka 25, na ni katika muda huo ambapo taaluma hii ilipata watu wake. Haikuwapata kwa nguvu ya hotuba ya Pasadena, ambayo kwa miaka ishirini hivi ilitajwa mara chache sana katika makala za kisayansi. Iliwapata kidogokidogo, kutoka fani zilizokuwa hazijuani. Katikati ya miaka ya 1960 Harvey Nathanson na wenzake wa kampuni ya Westinghouse walitengeneza transista yenye utepe wa metali unaotetemeka, mojawapo ya mashine za kwanza kuundwa kwa mbinu za kutengenezea chipu. Mwaka 1974, katika mkutano wa kimataifa wa uhandisi wa uzalishaji uliofanyika Tokyo, Norio Taniguchi alilitumia kwa mara ya kwanza neno nanoteknolojia, akieleza ukataji na uchongaji wa vifaa kwa usahihi wa nanomita. Wauzaji wa mitambo ya semikonda walikuwa tayari na maonyesho yao, SEMICON, yaliyoanza California mwaka 1971. Lakini mtengenezaji wa kihisi cha shinikizo, mtaalamu wa uchongaji na mwanafizikia wa atomi hawakuwa na ukumbi wa pamoja. Kila mmoja alikwenda kwenye mkutano wa fani yake na kuwa mgeni humo, akipangiwa kipindi cha mwisho pamoja na mada zisizo na pa kuwekwa.

Hali hiyo ilianza kubadilika Boston mwaka 1981, ulipofanyika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa vihisi vya semikonda, ambao baadaye ulizoeleka kwa jina fupi la Transducers. Mwaka 1983 ukahamia Delft, Uholanzi, 1985 ukarudi Marekani, Philadelphia, na 1987 ukafika Tokyo. Tangu hapo umezunguka kila baada ya miaka miwili kati ya Ulaya, Asia na Amerika. Mzunguko huo ulikuwa na faida kubwa kuliko heshima ya kimataifa. Zamu ya bara ilipofika, maabara za hapo zililazimika kujipanga na kuonyesha zilichonacho, na wanafunzi wasio na nauli ya kuvuka bahari waliwaona kwa macho watu waliokuwa wakiwasoma tu. Katika miaka ya katikati Wamarekani walikutana wenyewe kwa wenyewe katika kisiwa cha Hilton Head, jimbo la South Carolina, kwenye warsha iliyoanza 1984 na ambayo bado hufanyika kila baada ya miaka miwili. Ilikuwa warsha ndogo, ya ukumbi mmoja, ambamo kila aliyehudhuria alisikiliza mada zilezile na kula meza moja na wenzake. Wengi wa watu walioijenga taaluma hii Marekani walianza kufahamiana hapo.

Makala ya Kurt Petersen ya mwaka 1982 kuhusu silikoni kama malighafi ya mashine ilikuwa imewapa watu hao msingi wa kuzungumzia. Silikoni, alieleza, haifai kwa umeme tu. Ni imara, haibadiliki umbo ovyo, na inaweza kuchongwa kwa kemikali kwa usahihi mkubwa. Kilichokosekana ni mashine yenye sehemu inayosogea huru.

Mashine hiyo ilionekana Tokyo, Juni 1987. Katika mkutano uleule wa Transducers makundi mawili ya Marekani yalipanda jukwaani na jambo linalokaribiana mno, kiasi kwamba katika kitabu cha mkutano makala zao zimefuatana. Kundi la kwanza lilikuwa la Long-Sheng Fan, Yu-Chong Tai na Richard Muller wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. La pili lilikuwa la Kaigham Gabriel, William Trimmer na Mehran Mehregany kutoka maabara za Bell. Yote mawili yalionyesha gia za silikoni zinazozunguka kwenye ekseli zake, ndogo kiasi cha kutoonekana vizuri bila hadubini. Njia yenyewe ni rahisi kueleza, ngumu kutekeleza. Tabaka la oksidi ya silikoni hutandazwa kwanza, juu yake hutandazwa silikoni na kukatwa umbo linalotakiwa kwa mbinu ya mwanga inayotumika kwenye chipu. Kisha oksidi ya chini huyeyushwa kwa asidi ya haidrofloriki. Silikoni hubaki bila kushikwa na kitu chini yake, na kilichokuwa mchoro kinakuwa kifaa chenye uwezo wa kusogea. Kwa utaratibu huo gia moja haiundwi peke yake. Huundwa mamia kwa pamoja, katika hatua zilezile, juu ya sahani moja ya silikoni. Hii ndiyo njia mpya ambayo Feynman aliikosa mwaka 1960.

Makundi hayo yalikuwa yakishindana, na lau kila moja lingesubiri jarida, huenda mwaka mzima ungepita kabla ya moja kujua lingine limefika wapi. Ukumbi mmoja ulimaliza shaka siku hiyohiyo: kama watu wa Berkeley na watu wa Bell wameweza, si bahati ya maabara moja, ni njia inayofuatika. Mwaka huohuo zilianza warsha za kuamua la kufanya. Mojawapo, iliyofanyika Hyannis, Massachusetts, mwezi Novemba 1987, iliitishwa kwa jina la roboti ndogo. Ndiyo inayohesabiwa kuwa mkutano wa kwanza katika mfululizo ambao leo unaitwa IEEE MEMS, kwa jina la taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki. Warsha nyingine zilikaa Salt Lake City na Princeton, na kutokana na mijadala hiyo ikaandikwa ripoti ya mwaka 1988 iliyoliomba Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani kufadhili utafiti wa mashine ndogo. Mwezi Desemba mwaka huo kundi la Berkeley lilileta San Francisco, kwenye mkutano mkubwa wa vifaa vya elektroniki, mota ya umeme tuli iliyozunguka kweli, ikiwa na kipenyo kinachokaribia unene wa unywele wa binadamu. Picha yake ilienea katika magazeti, na viongozi wa wakala za serikali ambao hawakuwa wamefika kwenye warsha yoyote wakaanza kuuliza habari zake.

Mkutano wa pili wa mfululizo ule ulifanyika Salt Lake City, Februari 1989, safari hii ukiwa na jina la mifumo midogo ya umeme na mitambo, ambalo kifupi chake ni MEMS. Watafiti wa Ulaya walikusanyika Berlin Septemba 1990 kwa jina la teknolojia ya mikrosistimu. Wajapani walisema mikromashine, na wizara yao ya biashara na viwanda ilianzisha mwaka 1991 mradi wa taifa wa miaka kumi. Utafiti ulikuwa mmoja, ila kila jina lilikuwa na wafadhili wake, na mtafiti aliyetaka kusikika kila mahali ilimbidi ahudhurie kote.

Upande wa nano ulikuwa na njia yake. Hadubini ya kichanuzi iliyobuniwa na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer katika maabara ya IBM Zurich mwaka 1981 iliwawezesha watu kuona atomi mojamoja. Watumiaji wake walifanya mkutano wao wa kimataifa Santiago de Compostela, Hispania, mwaka 1986, mwaka uleule wabunifu hao walipopata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1989 Taasisi ya Foresight, iliyoanzishwa na Eric Drexler na Christine Peterson, iliita mkutano wake wa kwanza Palo Alto, California. Huko wanakemia, watu wa kompyuta na wanabiolojia walijadili mashine za kujengwa molekuli kwa molekuli. Wanasayansi wengi wa maabara waliyaona mazungumzo hayo kuwa ya kubuni mno, na mvutano huo haukwisha upesi. Lakini Palo Alto iliwakalisha pamoja watu ambao vyama vyao vya kitaaluma visingewakutanisha kamwe, na hiyo ni sifa inayostahili kuandikwa. Julai 1990, mkutano wa Baltimore uliunganisha wenye hadubini za kichanuzi na kongamano la kwanza la kimataifa la sayansi na teknolojia ya nanomita. Kuanzia hapo nano ilikuwa na kalenda yake.

Hadi wakati huo karibu wote waliohudhuria walikuwa watafiti, na walichotafuta ni makala kukubaliwa. Wazo liliwasilishwa kwa muhtasari wa kurasa chache, miezi mingi kabla ya mkutano. Jopo lilichuja, wachache wakapewa jukwaa, wengi wakapewa nafasi ya kubandika mabango ukumbini na kusimama kando yake. Mabango hayo yalidharauliwa na vijana waliotamani jukwaa, ingawa kwa kazi ya kufahamiana yalikuwa bora zaidi. Mzungumzaji wa jukwaani huulizwa maswali mawili matatu kisha muda huisha. Aliyesimama kando ya bango huulizwa kwa saa nzima, na anayeuliza mara nyingi ni yule aliyekwama mahali palepale.

Miaka ya 1990 ilileta watu wa biashara. Kihisi cha mchapuko cha kampuni ya Analog Devices kilianza kuwekwa kwenye magari ili kutambua mgongano na kufungua mfuko wa hewa, na ikadhihirika kwamba kifaa cha silikoni chenye sehemu inayosogea kinaweza kuzalishwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei nafuu. Mwaka 1994 ilizaliwa mikutano miwili yenye shabaha tofauti kabisa. Mmoja ulifanyika Enschede, Uholanzi, katika Chuo Kikuu cha Twente, ukihusu maabara nzima ya kemia iliyowekwa ndani ya chipu, wazo lililokuwa limeelezwa na Andreas Manz na wenzake mwaka 1990. Ulikua hadi kuwa mkutano mkuu wa wanaoshughulika na vimiminika katika mifereji midogo. Mwingine ulifanyika Banff, katika milima ya Kanada, na haukuuliza kifaa kinafanyaje kazi. Uliuliza kwa nini kifaa kinachofanya kazi vizuri maabara kinachukua miaka mingi kufika sokoni. Huo ndio mwanzo wa COMS, mfululizo wa mikutano ya kuingiza teknolojia za mikro na nano sokoni, ambao baadaye ulisimamiwa na taasisi ya MANCEF.

Waliokaa kwenye mikutano ya COMS waligundua mapema kwamba tatizo kubwa halikuwa chipu yenyewe. Kihisi lazima kiguse kile kinachopimwa: hewa, mafuta, damu, mtetemo. Kwa hiyo aghalabu hakiwezi kufungwa ndani ya plastiki kama chipu ya kawaida, na mara nyingi gharama ya kukifungasha na kukipima hupita gharama ya kukitengeneza. Tena kila kifaa kilihitaji utaratibu wake wa uzalishaji, hivyo kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya kihisi cha shinikizo hakikufaa moja kwa moja kwa kioo kidogo cha kuelekeza mwanga. Mambo kama haya hayaandikwi katika makala za kitaaluma, na kampuni huyaficha kwa washindani. Yalisemwa wakati wa mapumziko ya chai, kati ya mtu mwenye kifaa na mtu mwenye kiwanda chenye nafasi. Kutokana na mazungumzo hayo MANCEF iliweza kukusanya ramani ya kimataifa ya maendeleo ya sekta, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2002.

Sheria nayo iliathiri yaliyosemwa jukwaani. Barani Ulaya, uvumbuzi uliotangazwa hadharani kabla ya kuombewa hataza hupoteza haki hiyo, na hotuba mkutanoni ni tangazo la hadharani. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa kujirekebisha. Ndiyo maana mtafiti aliyekuwa na kitu chenye thamani alipeleka kwanza nyaraka kwa mwanasheria, au alionyesha picha na vipimo huku akinyamazia namna ya kutengeneza. Wasikilizaji wazoefu walijifunza kutega sikio kwa kile kilichorukwa.

Mikusanyiko ya aina nyingine ilichipuka upesi. Mwaka 1995 Kyoto ilipokea mkutano wa kilele wa mikromashine, ambao washiriki wake ni wajumbe walioalikwa kwa makundi ya nchi na kanda. Mwaka huohuo kampuni za mikroteknolojia za Ujerumani ziliunda chama chao, IVAM, chenye makao Dortmund, ambacho hukodi eneo moja katika maonyesho makubwa ya viwanda na kuwapanga wanachama wake humo, wengi wao wakiwa kampuni ndogo zisizomudu banda peke yake. Kwenye mabanda hayo hadubini ni kifaa cha lazima cha muuzaji. Mgeni huona sahani ya silikoni yenye rangi za upinde wa mvua ikiwa ndani ya kasha la plastiki, asione kitu cha kununua, mpaka ainamishe jicho au atazame skrini ndipo meno ya gia au mifereji ya damu yajitokeze. Muuzaji asiye na hadubini ana kasha tu la kuonyesha.

Januari 21, 2000, Rais Bill Clinton alitangaza mpango wa taifa wa nanoteknolojia wa Marekani akiwa Caltech, chuo kilekile cha Feynman. Fedha za serikali zilivuta nchi nyingine, na maonyesho yakafuata fedha. Japani ilianza maonyesho ya kila mwaka ya nano tech mwaka 2002, ambayo yamekuwa miongoni mwa makubwa zaidi duniani. Mkutano mdogo wa wanaounda vielelezo vya kompyuta vya mikrosistimu, uliofanyika Santa Clara mwaka 1998, ulipanuka ukawa kongamano kubwa la Nanotech lenye wawekezaji, wanasheria na vyumba vya kukutanisha wauzaji na wanunuzi kwa miadi ya dakika chache.

Kipindi hichohicho kilionyesha hatari ya kongamano linapogeuka soko tupu. Machi 2000 kampuni ya Nortel ilikubali kuinunua Xros, iliyokuwa ikiunda swichi za mwanga kwa vioo vidogo vya silikoni, kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 3.25, kabla Xros haijawa na biashara ya maana. Machi 2001 maonyesho ya mawasiliano ya nyuzi za mwanga mjini Anaheim yalijaza watu zaidi ya 30,000. Muda si mrefu soko la mawasiliano lilianguka, Nortel ikaachana na bidhaa ile, na wahandisi waliokuwa wakigombewa mabandani wakawa wanatafuta kazi. Katika kumbi zile bei za kampuni zilikuwa zimezungumzwa kuliko vipimo vya vifaa, na watu waliojua kwamba swichi hizo bado hazijakomaa walisikilizwa kidogo.

Funzo liliingia. Kikundi cha kampuni za MEMS kilichoundwa Marekani mwaka 2001 kilianzisha mwaka 2005 mkutano wa wakuu wa kampuni, na kikajitahidi kuwaita wateja: watengenezaji wa magari, wa vifaa vya hospitali na wa michezo. Mwaka 2006 Nintendo ilitoa kidhibiti cha michezo ya video kinachotambua mwendo wa mkono, na 2007 Apple ikatoa simu inayojua imeshikwa wima au ulalo. Vihisi vya jamii ileile ya vile vya mfuko wa hewa vikaanza kuhitajika kwa mamia ya mamilioni, na ajenda ya mikutano ikahamia kwenye bei, ukubwa na matumizi ya umeme.

Afrika ilikuja kwa mlango mwingine, wa sayansi ya malighafi. Desemba 2007, Dar es Salaam ilipokea mkutano wa nne wa kimataifa wa Chama cha Utafiti wa Malighafi cha Afrika, na Desemba 2019 ikawa zamu ya Arusha kupokea mkutano wa kumi. Mada zake zinafanana na mahitaji ya eneo: seli za jua, usafishaji wa maji, madini, saruji. Arusha ndiko iliko Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, alikofundisha Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia aliyesomea nanoteknolojia Korea Kusini. Chujio lake la maji, linalounganisha mchanga na malighafi za nano, lilishinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Kuhusu mikutano mikubwa ya dunia, hadi 2025 Transducers haikuwa imefanyika Afrika hata mara moja, wala IEEE MEMS. Mtafiti wa Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kuhudhuria hulazimika kutafuta viza, nauli ya kuvuka bahari na ada ya ushiriki, na kwa wanafunzi wengi vitu hivyo vitatu havipatikani kwa pamoja. Hasara si yao tu, kwa kuwa tatizo la floridi katika maji ya kaskazini mwa Tanzania, kwa mfano, linajulikana vizuri zaidi na wanaoyanywa.

Januari 2020 washiriki wa IEEE MEMS walikutana Vancouver. Wiki chache baadaye mipaka ilianza kufungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na mwaka 2021 MEMS na Transducers zote zilifanyika kwa intaneti. Mada ziliwasilishwa bila shida. Video hata ziliweza kurudiwa. Gharama za safari ziliondoka, na watu ambao wasingefika waliweza kusikiliza. Kilichopungua ni mazungumzo yasiyopangwa, ya mtu aliyesimama mbele ya bango la kazi asiyoijua akauliza swali. Mwaka 2022 MEMS ilipangwa Tokyo, 2023 ikafanyika Munich, na Juni mwaka huohuo Transducers ilirudi kukutana ana kwa ana Kyoto, kisha 2025 Orlando, Florida, ikiendelea na mzunguko wake wa mabara matatu.